Je, Kazi Isiyo ya Lazima ni Kazi ya Bure?



Liko swali ambalo watu wengi huliuliza kwa midomo, na wengi zaidi huliuliza moyoni: Je, mtu apendaye haki aweza kutumia saa zake kwa kazi ambayo hakuna aliyemwamuru aifanye, isiyomletea mshahara, wala isiyohitajiwa na nyumba yake? Mkulima hatumwulizi kwa nini alima. Twajua, maana tumbo ndilo limwamurulo. Mvuvi hatumwulizi. Lakini tukimwona mwanamke akiketi siku tatu kufuma kitambaa cha kufunika meza, au mzee akichonga bakora ya saba hali sita ziko pembeni, twaanza kunong'ona. Wengine husema, "Huu ni uvivu uliovaa nguo ya kazi." Wengine hujibu, "La, mwacheni, kila mtu na furaha yake." Sisi twaona ya kuwa majibu haya yote mawili ni mepesi mno.

Basi na tulichunguze neno hili kwa utaratibu. Na ili tusipotee katika maneno matupu, tutatwaa kazi moja tu iwe mfano wetu: nayo ni ushonaji wa mifarishi ya viraka, kazi ipendwayo sana na wanawake wa Marekani, na wanaume wachache pia. Kazi hii si ngeni kabisa masikioni petu. Wazee wa pwani husimulia ya kuwa leso za kwanza wanawake walizojifunga zilikuwa vitambaa vidogo sita vilivyoshonwa pamoja vikawa nguo moja. Lakini Marekani kazi ya kuunganisha vipande imekuwa na shule zake, safari zake, na hata nyumba zake za makumbusho.

Mfarishi tunaousema ni kifuniko cha kitanda chenye tabaka tatu. Tabaka ya juu ni viraka vilivyokatwa kwa kipimo, vikaunganishwa kimoja kimoja mpaka vifanye umbo: nyota, ngazi, nyumba, maua, au miraba mitupu. Tabaka ya katikati ni pamba iliyotandazwa, ambayo ndiyo ihifadhiyo joto. Tabaka ya chini ni bitana. Tabaka hizi zikiisha kupigwa bandi ili zisiteleze, mshonaji huzipitisha sindano zote pamoja kwa mishono midogo midogo, mpaka pamba isiweze kujikusanya upande mmoja hata mfarishi ukifuliwa mara nyingi. Mwisho hushonewa pindo pande zote nne.

Kazi hii haimvumilii mtu mzembe. Kwa desturi, kila kiraka huachiwa robo ya inchi ya kuingia ndani ya mshono. Mtu akikosea sehemu ya kumi na sita ya inchi katika kila mshono, nayo ni kosa ambalo jicho halilioni, basi baada ya mishono kumi na sita amekosea inchi nzima, na pembe za nyota yake hazikutani tena. Haba na haba hujaza kibaba; na makosa nayo yana kibaba chake.

Sasa tumtazame mama mmoja wa huko. Hatumsemi mtu fulani, bali ni mfano wa wengi. Watoto wake wamekua na kwenda zao. Kitandani mwake yako mablanketi ya kiwandani ya kumtosha, mepesi, tena ya bei nafuu. Hata hivyo wakati wa baridi aanza mfarishi wa mjukuu atakayezaliwa. Kabla haujaisha ameanza wa pili, wa arusi ya binti wa jirani. Na ndani ya sanduku iko mitatu mingine iliyokwama njiani tangu miaka iliyopita. Jioni moja kila juma huenda darasani katika duka la vitambaa, ambako mwalimu huwafundisha kukata pembetatu bila kuivuta nguo ikapinda, na kupatanisha rangi nyeusi na nyeupe ili umbo lionekane. Mara moja au mbili kwa mwaka yeye na wenzake hukodi basi, wakazunguka maduka ya miji kadhaa, wakirudi na vifurushi na vicheko. Au huenda mahali pa utulivu kwa siku tatu, kila mtu na cherehani yake, wakashona mpaka usiku wa manane. Wenye nafasi husafiri hata Houston katika Texas, ambako maonyesho makubwa ya mifarishi yalianza mwaka 1975, au Paducah katika Kentucky, mji wenye nyumba ya makumbusho ya mifarishi iliyofunguliwa mwaka 1991.

Hapo mshitaki asimama na kusema: "Mnaona? Mwanamke huyu atwaa nguo nzima, nzuri, mpya, aikata vipande, kisha aviunganisha vipande viwe nguo nzima tena. Je, hii si kazi ya mtu atekaye maji mtoni na kuyamwaga mtoni? Blanketi analo. Fedha aliyotumia ingalinunua mablanketi manne. Saa alizotumia zingalitosha kumwuguza mgonjwa. Na duniani wako watu walalao bila kujifunika."

Mashitaka haya ni mazito, wala hatutayakwepa. Lakini kwanza yatupasa kukichunguza kitu kimoja ambacho mshitaki amekidhania bila kukisema. Yeye adhani ya kuwa uzuri ni chakula cha walioshiba. Ya kwamba mtu kwanza hupata joto, kisha akiisha kupata joto na kuchoka kuwa na joto, ndipo atafutapo nyota na maua. Je, ni kweli?

Katika jimbo la Alabama iko bara ndogo iliyozungukwa na mto pande tatu, iitwayo Gee's Bend. Watu wake ni Waafrika wa Marekani, wazao wa watumwa waliolima pamba katika shamba la bwana aitwaye Pettway, na wengi wao hata leo wana jina hilo. Baada ya utumwa walikuwa maskini kupita kiasi. Mwaka 1932 wenye kuwadai waliwajia wakachukua wanyama wao, vyombo vyao vya kulimia, na hata chakula cha akibani. Nyumba zao zilikuwa za mbao zilizoachana, upepo wa baridi ukapita kati. Wanawake wa hapo walishona mifarishi kwa kuwa watoto wao waliona baridi. Nao hawakuwa na duka wala mwalimu. Walishona kwa suruali zilizochakaa magotini, kwa mashati ya kazi, kwa magunia ya unga. Mwaka 1942 mama mmoja, Missouri Pettway, aliyefiwa na mume wake, alizikusanya nguo za marehemu za kulimia, akazishona mfarishi, ili amkumbuke na kujifunika kwa kile kilichobaki cha upendo wake.

Haya, mshitaki angetegemea kuona nini katika mifarishi ya watu wa namna hii? Angetegemea kuona viraka vimetupwa ovyo, maana shida haina wakati wa mapambo. Lakini mwaka 2002 mifarishi hiyo ilipotundikwa ukutani katika nyumba ya sanaa ya Houston, na baadaye New York, watu wenye elimu ya picha walisimama mbele yake wakanyamaza. Waliona rangi zilizowekwa kwa kufikiri, mistari iliyopinda kwa makusudi, buluu iliyopauka karibu na mahali pa mfuko ambapo rangi bado ni nzito. Mwaka 2006 serikali ya Marekani ilichapisha stampu za barua kumi zenye sura ya mifarishi hiyo. Wale wanawake walikuwa na haja ya joto, na joto wangaliweza kulipata kwa kushona vyovyote. Hakuna aliyewaamuru kuipanga buluu na nyekundu hata zikasemezana. Hilo walilitia wao wenyewe, katikati ya njaa.

Wala si Marekani tu. Katika misitu ya Karnataka, nchi ya Bara Hindi, wako watu waitwao Wasiddi, ambao babu zao walitoka pande zetu hizi za Afrika ya Mashariki. Wengi walipelekwa Goa na Wareno kama watumwa, na wengine walitoroka wakajificha msituni. Leo wako miongoni mwao Wakristo, Waislamu na Wahindu, na wanawake wao hushona mifarishi ya nguo kuukuu iitwayo kawandi. Huanza pembeni, wakazunguka kwa mishono mpaka wafike katikati. Lakini kazi haihesabiwi kuwa imekwisha mpaka kila pembe itiwe kitambaa kidogo kilichokunjwa, kiitwacho phula, yaani ua. Ua hilo haliongezi joto hata kidogo. Lakini mfarishi usio na phula wanawake hao huuona kuwa uko uchi. Hawa nao si matajiri. Walio na nguo chache mno ndio wanaosema, "Bado haujavikwa."

Basi twaweza kusema bila hofu: uzuri si mchuzi wa walioshiba. Maskini naye autamani, naye huutengeneza kwa alichonacho. Mtu amwambiaye maskini, "Wewe yakutosha joto; mapambo waachie wenzako," hamhurumii maskini huyo, bali ampunguza utu wake.

Mshitaki wetu hatanyamaza kwa hilo. Atasema, "Vema. Wale waliona baridi, nao walitia uzuri juu ya haja. Lakini mama wa darasani haoni baridi. Haja haiko, umebaki uzuri peke yake." Hapo twaomba tumtazame mwanamke mwingine.

Harriet Powers alizaliwa mtumwa katika Georgia mwaka 1837. Alipokuwa mtumwa, saa zake hazikuwa zake, wala mikono yake. Baada ya uhuru yeye na mume wake walikuwa na shamba dogo. Mwaka 1886 katika maonyesho ya pamba mjini Athens, katika jimbo lilo hilo, alionyesha mfarishi ambao haukuwa na nyota wala miraba, bali watu na wanyama waliokatwa kwa nguo na kushonewa juu yake: Adamu na Hawa bustanini, Kaini na Habili, ndoto ya Yakobo, ubatizo wa Bwana, Yuda na vipande vyake vya fedha, chakula cha mwisho, na msalaba. Mwalimu mmoja wa sanaa, Jennie Smith, aliuona akataka kuununua. Harriet akakataa, hauuzwi kwa bei yo yote. Miaka michache ikapita, shida ikaingia nyumbani. Ndipo alipokubali kuuza, akaomba dola kumi. Mnunuzi alikuwa na dola tano, akapokea hizo tano. Lakini kabla ya kuuachilia alimweleza mnunuzi maana ya kila picha, naye akayaandika maneno yake. Na baadaye Harriet alirudi mara kadhaa kuutazama mfarishi wake. Alifariki mwaka 1910. Leo mfarishi huo umehifadhiwa Washington, katika makumbusho ya taifa.

Tulifikiri jambo hili. Blanketi lililouzwa halina mtu alirudiaye kulitazama. Kwa nini Harriet alirudi? Kwa sababu katika nguo ile alikuwa ametia neno ambalo hapakuwa na mahali pengine pa kulitia. Hakuwa na mimbari, wala mashine ya kuchapa. Alikuwa na sindano na vitambaa, na saa ambazo sasa zilikuwa zake mwenyewe. Hapa ndipo, kwa fikira zetu, tunapougusa mzizi wa swali letu. Kazi ya lazima huonyesha nguvu za mtu na shida yake. Hatujui bado apenda nini, maana angetenda hivyo hata kama hapendi. Bali kazi ya hiari huonyesha moyo wake. Mtazame mtu saa ile ambayo njaa haimsukumi na bwana hamwiti: mikono yake ikienda mahali, hapo ndipo ulipo moyo wake.

Kwa hiyo si sawa kuuliza tu, "Je, kazi hii yahitajiwa?" Iko mifarishi ambayo yule inayemhusu hana haja ya kujifunika tena. Mwaka 1987 wenyeji wa San Francisco walianza kushona vipande vya kuwakumbuka waliokufa kwa ukimwi. Kila kipande ni futi tatu kwa sita, kadiri ya kaburi la mtu, na juu yake limeshonwa jina. Mwezi wa Oktoba mwaka huo vipande 1,920 vilitandazwa uwanjani Washington. Tangu hapo vimeongezeka hata kufikia 50,000 hivi. Siku zile wengi wa wafu hao waliaibishwa, wengine wakakataliwa na jamaa zao, wengine na makanisa. Sisi katika nchi hizi twaujua ugonjwa huo, na twajua jinsi kitanda cha mgonjwa kilivyokimbiwa. Basi mama aliyeketi kushona jina la mwanawe, herufi kwa herufi, alifanya kazi isiyomfaa maiti kitu. Je, ilikuwa kazi ya bure? Wale wajane wa Yafa waliosimama wakilia na kumwonyesha Petro nguo alizozishona Dorkasi, hawakuonyesha bei ya nguo. Walionyesha upendo uliokuwa umeingia katika nyuzi.

Sasa tuyajibu mashitaka ya wale walalao bila kujifunika, maana hayo ndiyo mazito kuliko yote. Wasomaji wetu wengi hawajui ya kuwa mifarishi ya wanawake hawa imefika hata kwetu. Mwaka 1945, vita vikuu vilipokwisha, Walutheri wa Marekani waliunda shirika la Lutheran World Relief ili kuwasaidia walioharibikiwa Ulaya. Tangu zamani wanawake wa sharika wameshona mifarishi na kulipatia shirika hilo, kila mmoja wapata inchi 60 kwa 80, nayo hupelekwa nchi nyingi zenye vita na maafa. Tanzania imekuwa miongoni mwao. Mkimbizi aupokeapo hujifunika, au huutandika chini, au huutundika kama pazia penye hema moja na jamaa mbili, au humfunga mtoto mgongoni.

Wako wasemao, "Ingalikuwa akili zaidi kupeleka fedha na kununua mablanketi karibu." Neno hili si la kudharauliwa. Mtoaji asiyeuliza mpokeaji ahitaji nini hutoa kwa ajili ya furaha yake mwenyewe. Ikiwa mahali fulani fedha itawafunika watu kumi na mfarishi utamfunika mmoja, basi pale upendo wapaswa kuchagua fedha, na mshonaji asinung'unike. Lakini twaongeza neno la pili. Mama yule hakuchagua kati ya kushona na kutoa fedha. Saa zile ni za jioni, baada ya kazi, na kama asingalishona, huenda zingalipotea tu. Tena mkimbizi amepokea vitu vingi vilivyotoka viwandani, vyote sawasawa, kana kwamba na yeye ni mmoja katika hesabu. Siku apokeapo kitu ambacho hakuna kingine kama hicho duniani, ambacho mtu asiyemjua alikaa nacho majuma mawili mapajani, amepokea joto na neno pamoja. Neno hilo lasema, "Yuko mtu aliyekuhesabu kuwa wastahili nyota." Sisi hatuthubutu kusema ya kuwa neno hilo si kitu.

Haya, tumewatetea washonaji; sasa tuseme na hatari zao, maana rafiki asiyesema hatari si rafiki.

Hatari ya kwanza ni ghala. Kazi huanza kwa kupenda kushona, ikaishia kwa kupenda kununua. Wako ambao kabati zao zimejaa vitambaa ambavyo hata wakiishi miaka mia hawatavimaliza, nao bado hupanda basi kwenda kutafuta vingine. Hapo kazi imekufa, imebaki tamaa iliyovaa jina la kazi. Kwa mtu wa namna hii maneno ya mshitaki ni kweli tupu: nguo ile iliyofungiwa ndani yake ni ya yule alalaye na baridi.

Hatari ya pili ni majivuno. Darasa ni kitu chema, kwa sababu hapo mtu mzima ajifunza tena kusahihishwa. Mwalimu amwambia, "Fumua," naye afumua mishono ya jioni nzima, na moyo wake wafumuliwa pamoja nayo. Twawajua wazee wa kanisa wengi ambao darasa kama hili lingewafaa. Lakini penye maonyesho na zawadi, mtu aweza kuanza kushona kwa ajili ya jicho la jirani. Wanawake wa Gee's Bend walitundika mifarishi yao nje ipigwe na jua, na wapitao wakatazama wakajifunza. Huko kuonana ni kuzuri. Kubaya ni kutazama kazi ya mwenzio ukitumaini pembe zake hazikukutana.

Hatari ya tatu ni sikio lililozibwa. Kazi ya mikono yampa mtu utulivu, na utulivu ni zawadi. Lakini aweza kuufanya ukuta. Mgonjwa abisha mlangoni, naye asema, "Ngoja nimalize mstari." Mtoto ataka kusema jambo zito, naye hainui macho. Kazi ya hiari ina uzuri huu, ya kwamba yaweza kuwekwa chini wakati wo wote. Asiyeweza kuiweka chini amekuwa mtumwa wake, na ile alama ya uhuru tuliyoisifu kwa Harriet Powers imefutika.

Kwa hiyo twatoa jibu letu. Kazi isiyo ya lazima si bure kwa kuwa haina lazima. Wala si njema kwa kuwa yapendeza. Wema wake hujulikana kwa mambo matatu. Je, yamfundisha mtu kweli, yaani kipimo, uvumilivu na kufumua pale alipokosea? Je, huishia mikononi mwa mtu mwingine, awe mjukuu, bibi arusi, mkimbizi, au hata marehemu ambaye jina lake limekataliwa? Je, huwekwa chini jirani aitapo? Ikiwa ndivyo, basi mtu na ashone, na achonge, na asuke ukili, na afume vitambaa vyake, bila aibu. Mungu hana haja ya mfarishi. Jirani aweza kuwa nayo. Na mshonaji mwenyewe aihitaji furaha ya kuona ya kuwa vipande vilivyotawanyika vyaweza kukaa pamoja.

Neno hili twawaambia hasa wainjilisti na wazee wa sharika. Katika nyumba nyingi mume humkemea mke wake kwa saa alizofuma, na hali yeye mwenyewe ametoka baraza ya bao tangu adhuhuri hata magharibi. Asimkemee. Kwanza aulize mikono yake yeye imekwenda wapi saa ile ambayo hakuna aliyemwamuru. Tena katika sharika zetu wako wajane na wasichana wajuao kushona, na wako mafundi cherehani ambao kila siku hufagia vipande vya vitenge na kuvitupa jalalani. Vipande hivyo ni haba, lakini tumeona vipande vimefanya nini penye watu maskini kuliko sisi. Mwanamke mmoja akiomba nafasi katika nyumba ya usharika siku ya Jumamosi, ili awakusanye wenzake washone, asiulizwe kwanza, "Itatuletea faida gani?" Apewe ufunguo.